Vinasaba vya kaka yangu vimekutwa kwenye panga: je, kesi imekwisha?

Msomaji wetu kutoka Muheza, mkoani Tanga, ameuliza: "Kaka yangu ni kibarua wa mashamba. Yuko rumande kwa shtaka la kumuua jirani yetu. Tumeambiwa kwamba ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasema damu iliyo kwenye makali ya panga ni ya marehemu, na kwamba vinasaba vya kaka yangu vimekutwa kwenye mpini. Kila mtu hapa anasema DNA haikosei, na ndugu wengine wameshamkatia tamaa. Je, ni kweli haikosei? Na mtu anaweza kutiwa hatiani kwa DNA peke yake?"

Dada yangu, pole sana kwa msiba uliowakuta majirani zenu na kwa mtihani ulioipata familia yako. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nitaeleza sababu zake. Kipimo cha vinasaba kikifanywa vizuri juu ya sampuli nzuri kinaaminika kuliko karibu kila ushahidi mwingine unaopelekwa mahakamani, na sikushauri ujenge matumaini juu ya wazo kwamba mashine ilikosea. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu, nalo ni kwamba vinasaba hivi ni vya nani. Hakisemi vilifikaje pale, vilifika lini, wala mwenye navyo alikuwa akifanya nini. Panga linapokuwa ni la mtu anayelima kila siku, maswali hayo matatu ndiyo kesi yenyewe. Sijaona jalada, kwa hiyo sitasema kama kaka yako alitenda au hakutenda. Nitaeleza ripoti ya namna hiyo inathibitisha nini na inaishia wapi.

Vinasaba vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3, na kwa takriban asilimia 99.9 watu wote tunafanana. Maabara ya jinai haisomi herufi zote hizo. Huchagua maeneo machache yanayojulikana kutofautiana sana kati ya mtu na mtu, ambako kipande kifupi cha herufi hujirudia mara kadhaa, kisha huhesabu marudio: mtu mmoja katika eneo fulani ana marudio 11 aliyorithi kwa mama na 14 aliyorithi kwa baba, mwingine ana 9 na 12, na kadhalika. Orodha ya hesabu hizo ndiyo wasifu wa vinasaba. Marekani hutumia maeneo 20 tangu mwaka 2017. Kabla ya hapo ilitumia 13. Kwa kuwa sampuli huwa ndogo mno, vinasaba hurudufishwa kwanza kwa njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na leo seli chache tu zinaweza kutoa matokeo. Uwezo huo ndio nguvu ya kipimo, na ndio pia chanzo cha matatizo mengi nitakayoyataja, kwa sababu mashine inayoweza kuona seli chache za muuaji huona vilevile seli chache za mtu mwingine yeyote aliyeshika kitu hicho kabla yake au baada yake.

Jambo la kwanza la kutazama katika ripoti, basi, ni idadi ya maeneo yaliyosomeka kwenye sampuli ya mpini na namba ya uwezekano inayoambatana nayo. Kama maeneo yote yalisomeka na yote yakalingana na ya kaka yako, mjadala wa kufanana kwa bahati umekwisha, isipokuwa kama ana pacha wa kufanana naye kabisa. Lakini mpini uliokaa juani, ukanyeshewa na kupakwa udongo mara nyingi hutoa wasifu nusu, na hapo namba hushuka kwa kasi. Tuseme ripoti inasema kwamba ni mtu mmoja kati ya milioni moja anayeweza kuwa na wasifu huo nusu. Namba hiyo inatisha, lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam peke yake, kwa hiyo tungetarajia kuwapata kama watu watano wenye wasifu huo mkoani humo, na kama 60 Tanzania nzima. Namba ile inaeleza uwezekano wa mtu asiyehusika kulingana kwa bahati. Haielezi uwezekano kwamba mtu aliyelingana hahusiki. Mambo hayo mawili huchanganywa hata na watu wenye elimu kubwa, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitengua hukumu kwa sababu ya mkanganyiko huo mwaka 1993. Mwaka 1999, nchini humo humo, mtu mmoja wa Swindon aliyekuwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaotetemesha na kukakamaza mwili, asiyeweza kuendesha gari, alishtakiwa kwa kuvunja nyumba katika mji wa mbali wa Bolton kwa sababu wasifu wake ulilingana katika maeneo 6, na uwezekano ulielezwa kuwa mmoja kati ya milioni 37. Walipopima maeneo 10, ikaonekana hakuwa yeye.

Hapo kuna jambo linaloihusu familia yako moja kwa moja. Ndugu wa baba na mama mmoja hufanana vinasaba kuliko watu wasio na undugu, na wasifu nusu unaweza kushindwa kuwatofautisha. Tena, kuna kipimo kingine kinachotazama kromosomu Y tu, ambayo baba humrithisha mwana karibu bila mabadiliko yoyote. Kipimo hicho kinafaa sana pale ambapo vinasaba vya mwanamume vimemezwa na vya mwanamke, lakini hakimtenganishi kaka yako na baba yenu, wala na baba zako wadogo, wala na watoto wao wa kiume. Wakili wake hana budi kujua ni kipimo kipi kilichofanywa. Ikiwa panga lilikuwa la nyumbani na wanaume kadhaa wa ukoo walilitumia, swali hilo si la pembeni hata kidogo.

Sasa nije kwenye mpini, ambako nadhani uzito wa kesi uko. Ripoti ikisema "vinasaba vya mshtakiwa vimekutwa," uliza vimetoka kwenye nini. Damu yake, kama alijikata alipokuwa akitumia panga, ina maana moja. Jasho na seli za ngozi zilizobaki kwenye mbao kwa kushikwa zina maana nyingine, na maabara mara nyingi haiwezi kusema ngozi hiyo iliachwa jana au mwezi uliopita. Ikiwa kaka yako alikuwa mwenye panga hilo, au alilitumia kulimia, kukuta vinasaba vyake kwenye mpini ni jambo ambalo tungelitarajia hata kama mtu mwingine ndiye aliyelitumia usiku ule. Matokeo yanayotarajiwa katika simulizi zote mbili, ya Jamhuri na ya utetezi, hayasaidii kuchagua kati yake, na mtaalamu mwaminifu anapaswa kuiambia mahakama hivyo waziwazi. Kama kaka yako anasema hajawahi kuligusa kamwe panga hilo, basi ushahidi ule ule unakuwa mzito sana dhidi yake. Unaona, dada yangu, jinsi thamani ya matokeo inavyotegemea habari zisizotoka maabara.

Kuna pia swali la vinasaba vya nani wengine. Mpini uliopita mikononi mwa watu wengi hutoa mchanganyiko, na kuutenganisha mchanganyiko wa watu watatu au wanne ni kazi ambayo wataalamu wawili wenye ujuzi wanaweza kutofautiana. Je, kaka yako ndiye mwenye sehemu kubwa ya mchanganyiko, au ni alama hafifu nyuma ya mtu mwingine asiyejulikana? Ripoti inayotaja jina moja na kunyamaza kuhusu hao wengine haijakamilika, kwa maoni yangu, hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Vinasaba husafiri pia bila mwenye navyo kuwepo. Mwishoni mwa mwaka 2012, katika jimbo la California, tajiri mmoja aliuawa nyumbani kwake, na chini ya kucha zake vikapatikana vinasaba vya mtu asiye na makazi aliyekuwa tayari kwenye kumbukumbu za polisi. Mtu huyo alikaa mahabusu kwa miezi kadhaa, akikabiliwa na shtaka linaloweza kuleta adhabu ya kifo, naye mwenyewe hakuweza kujitetea kwa kuwa siku ile alikuwa amelewa na hakukumbuka chochote. Mtetezi wake alipofuatilia kumbukumbu za matibabu, aligundua kwamba usiku wa mauaji mtu huyo alikuwa amelazwa hospitalini chini ya uangalizi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka ndio walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu, na inaaminika kwamba vinasaba vyake vilisafiri kwa mikono yao au vifaa vyao. Maabara haikukosea hata kidogo: vinasaba vilikuwa vyake kweli. Kilichomwokoa ni karatasi za hospitali.

Mfano ninaoona kila mwanasheria wa Afrika Mashariki angepaswa kuujua unatoka Melbourne, Australia. Mwezi Julai mwaka 2006 mwanamke mmoja alikutwa amezirai chooni katika klabu ya usiku, hakumbuki lolote, akapelekwa hospitali na kuchukuliwa sampuli kwa hofu kwamba alikuwa amebakwa. Sampuli ikaonyesha vinasaba vya kijana wa asili ya Kisomali mwenye umri wa miaka 19. Kijana alisema hajawahi kufika kwenye klabu hiyo na kwamba usiku ule alikuwa nyumbani kando ya baba yake mgonjwa, na familia yake ikatoa ushahidi huo huo. Hakuna shahidi hata mmoja aliyemwona klabuni. Hata hivyo mwaka 2008 baraza la raia wanaoamua hatia mahakamani (jury) lilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka 6, kwa ushahidi wa vinasaba peke yake. Mwezi Desemba mwaka 2009, baada ya kukaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja, aliachiwa huru, kwa sababu upande wa mashtaka wenyewe ulipochunguza upya uligundua kwamba siku moja hivi kabla ya tukio, katika chumba kile kile cha uchunguzi, daktari yule yule alimchukua sampuli mwanamke mwingine ambaye kijana huyo alikuwa amekutana naye kimwili. Jaji mstaafu Frank Vincent aliyeteuliwa kuchunguza kilichotokea alihitimisha kwamba uhalifu wenyewe huenda haukutokea kabisa, na akawalaumu wahusika wa kila hatua, kuanzia polisi hadi mawakili, kwa kuviona vinasaba kama kitu kisichoweza kuhojiwa. Ninaumizwa na kesi hiyo kila ninapoisoma, kwa sababu kila dalili ya shaka ilikuwepo mezani tangu siku ya kwanza: mwanamke asiyekumbuka, klabu isiyomjua mtuhumiwa, baba mgonjwa kitandani. Vyote vilifunikwa na ukurasa mmoja wa maabara.

Uchafuzi unaweza kuanzia hata kiwandani. Polisi wa Ujerumani walimtafuta kwa miaka mingi mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio yapatayo 40 nchini humo, Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ilibainika kwamba vinasaba hivyo vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyegusa vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba.

Ndiyo maana mahakama zetu hutilia mkazo safari ya kielelezo tangu kilipookotwa hadi kilipofika mbele ya hakimu au jaji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 iliyoamuliwa Dodoma, ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana, zikionyesha nani alikamata kitu, nani alikitunza, kilihamishwaje, kilichunguzwa wapi na kiliishia wapi. Baadaye Mahakama hiyo imelegeza sharti hilo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilika vinapopita mikononi mwa watu, na Jamhuri inaweza kusema kwamba panga ni kitu cha namna hiyo. Wakili wa kaka yako ajibu kwamba panga lenyewe huenda halibadiliki, lakini seli zilizoko kwenye mpini hubadilika kwa mguso mmoja wa mkono usio na glavu. Aulize: panga liliokotwa na nani, na alivaa glavu? Wanakijiji walilishika kabla polisi hawajafika? Lilifungwa kwa lakiri saa ngapi? Liliwekwa kwenye karatasi au kwenye mfuko wa plastiki, ambao katika joto na unyevu wa pwani hufuga ukungu na kuozesha vinasaba? Je, askari aliyemkamata kaka yako na kumchukua sampuli ya mate ndiye aliyelibeba panga? Na lile panga na nguo za kaka yako zilisafirishwa pamoja, katika gari moja, katika kifurushi kimoja?

Kuhusu swali lako la pili, sheria haikatazi mtu kutiwa hatiani kwa ushahidi wa vinasaba pekee. Ripoti ya mkemia ni maoni ya mtaalamu, na mahakama huyapima pamoja na ushahidi wote. Inaweza kuyakubali, na ikiwa na sababu inaweza kuyakataa. Vinasaba vikisimama peke yake huwa ni ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili tu bila shahidi aliyeona tendo, na hapo hufuatwa kanuni iliyowekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1958, kwamba mazingira yawe hayaelezeki kwa namna nyingine yoyote ya busara isipokuwa kwamba mshtakiwa ndiye mtenda kosa. Uingereza, ambako swali hili limeulizwa mara nyingi, Mahakama ya Rufani mwaka 2017 ilikubali kwamba vinasaba peke yake vyaweza kutosha, lakini ikataka yatazamwe mambo kadhaa: kama kuna maelezo mengine ya vinasaba kuwa pale, kama kitu chenyewe kinahusiana na tukio, kama ni kitu cha kuhamishika kirahisi, kama mshtakiwa ana uhusiano na eneo lile, kama ndiye mwenye sehemu kubwa katika mchanganyiko, na kama inaelekea alikigusa mwenyewe au vililetwa na mwingine. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini inaweza kutajwa kama hoja ya kushawishi, na maswali yake yanalikaa panga la kaka yako sawasawa. Panga linahusiana na tukio, hilo ni dhidi yake. Panga huhamishika, na yeye ni mkulima wa eneo lile lile. Hayo yanampa nafasi ya kueleza.

Nafasi hiyo haina maana kama maelezo hayatolewi mapema na kwa ukweli. Nimeona watetezi wakikana kila kitu mwanzoni, kisha ripoti inapofika wakageuka na kusema mshtakiwa aliazimwa panga. Mahakama huyatilia shaka maelezo yaliyozaliwa baada ya ripoti, na ni haki yake. Kama alilitumia panga, alitumia lini, shamba la nani, pamoja na vibarua gani, na lilikuwa likihifadhiwa wapi? Mambo hayo anayajua yeye na wenzake wa kazini, na hayaandikwi popote isipokuwa mtu aende rumande kumsikiliza, kisha awatafute mashahidi kabla kumbukumbu hazijafifia. Usimfundishe la kusema, wala usiruhusu ndugu yeyote amfundishe. Shtaka la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za Serikali. Kabla ya hapo, mahakama ya chini husoma maelezo ya mashahidi na vielelezo vya Jamhuri, na siku hiyo ndiyo ya kusikiliza kwa makini hasa ripoti imesema nini, kwa maana maneno ya ripoti na maneno yanayosemwa kijijini kuhusu ripoti mara chache huwa sawa.

Pia usivione vinasaba kuwa ni silaha ya Jamhuri peke yake. Mara ya kwanza kipimo hiki kilipotumika katika upelelezi wa mauaji, katika wilaya ya Leicestershire huko Uingereza, kilimwokoa kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa tayari amekiri kosa moja kati ya mauaji mawili ya wasichana, ya mwaka 1983 na 1986. Profesa Alec Jeffreys, aliyegundua njia hiyo mwaka 1984, alionyesha kwamba mtenda makosa yote mawili alikuwa mtu mmoja, na hakuwa yeye. Baada ya kupimwa wanaume wapatao 5,000, muuaji mwenyewe, Colin Pitchfork, alikamatwa mwaka 1987, akahukumiwa mwaka 1988, na alikuwa amejaribu kukwepa kwa kumtuma mwenzake akatoe damu badala yake.

Kwa hiyo wakili aulize ni nini kingine kilichopimwa na nini hakikupimwa. Muuaji aliyetumia panga kwa karibu mara nyingi hurukiwa na damu: je, nguo na viatu alivyovaa kaka yako vilichukuliwa, na vimeonyesha nini? Kucha za marehemu zilichukuliwa sampuli kabla ya mazishi? Kama zilichukuliwa na hazina vinasaba vya kaka yako, hilo halimtoi moja kwa moja, lakini lina uzito na mahakama inapaswa kulisikia. Kama zinavyo, sitakuficha, kesi inakuwa ngumu zaidi kuliko ya mpini peke yake. Wakili aombe nakala kamili ya ripoti pamoja na chati za mashine, siyo muhtasari tu, na aiombe mahakama imwite mkemia aliyefanya kipimo aje kuhojiwa. Aulize pia kama kuna mabaki ya sampuli iliyotolewa kwenye mpini na aombe yahifadhiwe hadi rufani ya mwisho, kwa sababu sampuli ikiteketezwa hakuna upande utakaoweza kuipima tena.